Je, Wajua? Kijana Mrefu Aanze au Akae Benchi?

Sogea kidogo nami nikae. Mechi za mtoano zikikaribia, kila kijiwe cha kikapu kinarudi kwenye ubishi uleule: senta wetu chipukizi, mrefu kama mnazi, bado anajifunza; aanze, au apishwe mkongwe? Jibu langu ninalo, lakini shika kwanza haya ya NBA, moja baada ya jingine. Tamu kuliko yote nimeiweka mwisho, usikimbie.

Je, wajua kuwa mchezaji mdogo kuliko wote waliowahi kugusa mpira katika NBA alikuwa senta? Ni Andrew Bynum wa Los Angeles Lakers, tarehe 2 Novemba 2005, akiwa na miaka 18 na siku 6! Kuanzia drafti ya 2006 ligi ikadai miaka 19, basi rekodi hiyo haigusiki mpaka sheria ibadilike.

Na unajua Lakers walimletea mwalimu gani? Kareem Abdul-Jabbar mwenyewe, bingwa mara 6! Ni kama mtoto wa chekechea aletewe Shaaban Robert amfundishe irabu.

Januari 2006 Shaquille O'Neal akamzamishia mpira kichwani yule mtoto. Unadhani alilia? Alikimbia upande wa pili, akapokea pasi, akauzamisha mbele ya Shaq huyohuyo. Miaka 18, ndugu yangu.

Je, wajua kuwa Kareem naye hakuwekwa benchi akomae? Mwaka 1971, msimu wake wa pili tu, aliipa Milwaukee Bucks ubingwa kwa kuifagia Baltimore 4-0, akawa mchezaji bora wa fainali. Klabu yenyewe ilikuwa na misimu 3 tangu izaliwe! Siku iliyofuata akautangazia ulimwengu kuwa yeye si Lew Alcindor tena, ni Kareem Abdul-Jabbar.

Bado. Alichaguliwa tena mchezaji bora wa fainali mwaka 1985, akiwa na miaka 38. Kati ya tuzo ya kwanza na ya pili imepita miaka 14. Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza alikuwa tayari anabalehe!

Haya, turudi nyuma zaidi. Bill Russell alichelewa kuanza msimu wake wa kwanza kwa sababu alikuwa Melbourne akichukua dhahabu ya Olimpiki ya 1956. Alipofika Boston Celtics, Desemba, wakamwanzisha. Aprili 1957, mechi ya 7 ya fainali, mgeni huyo alikusanya ribaundi 32, Boston wakashinda 125-123 baada ya kuongezwa muda mara mbili. Ribaundi thelathini na mbili!

Wilt Chamberlain je? Mwaka 1960, mtoano wake wa kwanza, aliwapiga Syracuse pointi 53 katika mechi moja. Hapo kocha unauliza nini tena?

Najua unataka kuniambia hao ni majini, si watu. Sawa, tuje kwa binadamu.

Tim Duncan alikuwa muogeleaji wa kisiwa cha St. Croix. Mwaka 1989 kimbunga Hugo kikaliharibu bwawa la mazoezi, kijana akahamia kwenye kikapu akiwa na miaka 13 au 14. Mechi yake ya kwanza kabisa ya mtoano, mwaka 1998: pointi 32! Mwaka uliofuata San Antonio Spurs wakawa mabingwa na yeye mchezaji bora wa fainali.

Mark Eaton alikuwa fundi magari. Ndiyo, spana na grisi, urefu mita 2.24 chini ya boneti, mpaka kocha mmoja alipomwona. Mwaka 1985, akiwa Utah Jazz, alizima mitupo 10 katika mechi moja ya mtoano. Alikuwa wa kwanza kufika hapo, na waliomfikia baadaye ni Hakeem Olajuwon na, hebu kisia… Andrew Bynum, mwaka 2012!

Hakeem huyo naye alikuwa kipa. Kule Lagos alidaka mpira wa miguu na kucheza mpira wa mikono kabla ya kujua ringi ni nini. Mwaka 1986, msimu wake wa pili, Houston Rockets walimwanzisha pamoja na Ralph Sampson wa mita 2.24, wakawang'oa Lakers 4-1 na kuingia fainali. Mpaka leo anaongoza orodha ya wazima mitupo wa NBA: 3,830.

Usicheke hii. Manute Bol wa Sudan, mita 2.31, alizima mitupo 397 katika msimu wake wa kwanza, 1985–86. Maisha yake yote katika NBA alizima 2,086 na kufunga pointi 1,599 tu. Yaani alinyima kuliko alivyopata!

Je, wajua kuwa Yao Ming, mita 2.29, mchezaji wa kwanza kuchaguliwa katika drafti ya 2002, alitoka mechi yake ya kwanza bila pointi hata moja? Charles Barkley akacheka kwenye televisheni na kuweka dau kwamba Yao hatafikisha pointi 19. Siku chache baadaye Yao akawatandika Lakers 20, mitupo 9 kwa 9, na Barkley akalipa deni kwa kumbusu punda matakoni. Punda wa kweli, mwenye mkia!

Kwa hiyo ukimwona kijana amechemsha mechi moja, tulia. Punda yuko njiani.

Nikola Jokić alichaguliwa nafasi ya 41 mwaka 2014, na jina lake lilipotajwa televisheni ilikuwa inaonyesha tangazo la chakula! Denver Nuggets wakamweka, wakamtoa, wakamchanganya na senta mwingine, mpaka Desemba 2016 walipomkabidhi nafasi moja kwa moja. Mtoano wake wa kwanza, 2019, alicheza dakika 65 katika mechi moja. Mechi ya kawaida ina dakika 48! Iliongezwa muda mara nne, akafunga 33, ribaundi 18, pasi za pointi 14, na bado Portland wakashinda 140-137.

Wengine wamengoja, nisikufiche. Jermaine O'Neal alikaa misimu 4 Portland akipasha moto benchi. Alipouzwa Indiana mwaka 2000 wakamwanzisha, akaitwa kwenye mechi ya nyota mara 6.

Pascal Siakam wa Cameroon, aliyesoma seminari utotoni, alianza NBA, akatolewa, akapelekwa ligi ndogo. Huko mwaka 2017 akawa mchezaji bora wa fainali. Miaka 2 baadaye, mechi ya kwanza ya fainali ya NBA yenyewe: pointi 32 kwa Toronto Raptors, mitupo 14 ndani kati ya 17!

Na sasa wetu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mita 2.21, Mtanzania wa kwanza katika NBA. Drafti ya 2009 alichukuliwa wa 2 na Memphis Grizzlies. Unajua nani alikuwa wa 3? James Harden! Wa 7? Stephen Curry! Msome tena kijana wa Dar: wa pili.

Februari 2010 Memphis wakampeleka ligi ndogo, na wakati huo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kupelekwa huko. Mwaka mmoja baadaye wakamtoa kwa Houston ili wampate mkongwe Shane Battier. Memphis walikuwa na rekodi ya ajabu: mechi 12 za mtoano katika historia yao, wamepoteza zote 12. Aprili 2011, mechi ya kwanza dhidi ya San Antonio waliokuwa wa kwanza magharibi, Battier akatupa mpira wa pointi 3 sekunde za mwisho, ushindi wao wa kwanza kabisa. Mwisho wa siku wakawatoa San Antonio nje.

Hiyo inaniuma, lakini ukweli ni ukweli: siku ile mkongwe alilipa.

Vuta pumzi. Tuvuke ziwa.

Je, wajua kuwa Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa kwenda Marekani mwaka 1987 akitaka kuwa daktari? Akaishia kuwatibu wapinzani. Mwaka 1994 Denver walikuwa wa 8, wakakutana na Seattle wa 1 wenye ushindi 63. Mutombo akazima mitupo 31 katika mechi 5! Kwa mara ya kwanza katika historia ya NBA wa 8 akamtoa wa 1, na jitu lile likalala chali sakafuni limeukumbatia mpira juu ya kichwa kama mtoto aliyerudishiwa mdoli. Tarehe? 7 Mei.

Kumbuka tarehe hiyo, nitakuuliza.

Alizungumza lugha 9. Kidole chake cha kukataza, kile cha "hapana, si nyumbani kwangu", kilikuwa lugha ya 10.

Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, mtoto wa Kiswahili cha Katanga, alikiiga kidole kile. Mwaka 2011, katika mechi ya vijana bora wa dunia dhidi ya Wamarekani, alipata pointi 12, ribaundi 11 na kuzima mitupo 10. Hakuna aliyekuwa amewahi kufikisha kumi-kumi-kumi katika mechi hizo.

Lakini mwaka 2016 alikuwa mtu wa benchi pale Toronto. Aliyeanza ni Jonas Valančiūnas. Mechi ya 3 dhidi ya Miami, Jonas akateguka kifundo cha mguu. Tarehe? 7 Mei! Nilikwambia.

Biyombo akaanza. Mechi ya 7: pointi 17, ribaundi 16, Toronto wakaingia fainali ya mashariki kwa mara ya kwanza tangu klabu iundwe. Halafu wakaja Cleveland Cavaliers wa LeBron James, walioshinda mechi 10 mfululizo katika mtoano ule bila kupoteza hata moja. Mechi ya 3 kijana wa Lubumbashi akakusanya ribaundi 26. Ishirini na sita! Rekodi ya Toronto, na Cleveland wakalala 99-84.

Cleveland walishinda mfululizo ule 4-2 na kuchukua ubingwa, hilo nalo lisemwe. Biyombo je? Julai ileile Orlando wakampa mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 72! Yote hayo yametoka kwenye kifundo cha mtu mwingine.

Kuna 7 Mei ya tatu, utanipa soda. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, tarehe 7 Mei 2022 aliianzia Golden State Warriors mechi ya mtoano dhidi ya Memphis akiwa na miaka 19 na siku 213. Tangu orodha za wanaoanza zihifadhiwe, yaani msimu wa 1970–71, hakuna mdogo kuliko yeye. Alifunga 18, wakashinda 142-112. Si senta, ni mtu wa mbele, lakini Goma ni Goma, nimempitisha. Na aliipataje nafasi? Mwenzake Gary Payton II alikuwa amevunjika kiwiko.

Unaona mchezo? Makocha wanahubiri ujasiri, kumbe anayewaandikia kikosi ni mifupa.

Mfululizo uleule una upande wa pili. Mechi ya 5 Golden State walichapwa 134-95. Mechi ya 6 wakamrudisha senta wao Kevon Looney kwenye kikosi cha kwanza, na nyota wa timu ndio waliompigia debe kwa kocha. Ribaundi 22, safari ya Memphis ikaishia hapo.

Golden State haohao, mwaka 2015, waliwahi kufanya kinyume kabisa! Walikuwa nyuma 2-1 katika fainali dhidi ya Cleveland. Msaidizi mmoja wa miaka 28, Nick U'Ren, baada ya kutazama mikanda ya fainali ya 2014, akapendekeza wamweke benchi senta Andrew Bogut wa mita 2.13 na kumwanzisha Andre Iguodala wa mita 1.98. Wakashinda mechi 3 mfululizo. Iguodala hakuwa ameanza hata mechi moja ya msimu wa kawaida, akawa mchezaji bora wa fainali!

Na kwa Cleveland je? Senta wao Timofey Mozgov alifunga 28 katika mechi ya 4. Mechi ya 5 alichezeshwa dakika 9. Pointi: 0. Ungekuwa wewe Mozgov ungemwambia nini mama yako kwenye simu?

Kuanza si kumaliza, hilo ndilo wengi hawalioni. Mwaka 2024 Dallas Mavericks walimwanzisha Daniel Gafford, ambaye Machi ile alikuwa ametia mitupo 33 mfululizo bila kukosa, mitupo 2 tu nyuma ya rekodi ya Wilt. Nyuma yake akaingia Dereck Lively wa miaka 20, msimu wake wa kwanza. Mechi ya 4 ya fainali Lively alitoka benchi akapata pointi 11 na ribaundi 12, wakawafunga Boston 122-84. Mbio za kupokezana kijiti, kabisa.

Hofu ya makocha inakaa kwenye mitupo huru. Mwaka 2015 Houston walimchezea DeAndre Jordan faulo za makusudi mpaka akapiga mitupo huru 28 kabla ya mapumziko! Mechi nzima alipiga 34, akatia 14. Cha kuchekesha, timu yake ya Clippers ilishinda 128-95.

Faulo 6 na uko nje, unajua hilo. Lakini wajua kuwa Bubba Wells wa Dallas alizimaliza zote 6 ndani ya dakika 3, Desemba 1997? Kocha alimtuma amkamate Dennis Rodman kila mara, akiamini Rodman hajui mitupo huru. Rodman akatia 9 kati ya 12!

Wanaosema kijana atatetemeka siku kubwa, wapeni hii. Juni 2025, mechi ya 7 ya fainali, Chet Holmgren wa Oklahoma City Thunder, miaka 23, mwembamba kama fito, alifunga 18 na kuzima mitupo 5. Hakuna aliyewahi kuzima mingi hivyo katika mechi ya 7 ya fainali tangu mitupo iliyozimwa ianze kuhesabiwa. Ubingwa.

Upande wa magoti ndio unaonipunguza kelele. Bynum wetu wa mwanzo aliumia goti Januari 2008. Lakers wakafika fainali bila yeye na kuzikwa na Boston 131-92. Mwaka 2010 alianza mtoano wote huku goti limechanika ndani, wakimtoa maji. Mechi ya 2 ya fainali alifunga 21 na kuzima 7, na pete akavaa. Mwaka 2012 akauzwa Philadelphia. Unajua alicheza mechi ngapi kule? Sifuri. Mchezaji mdogo kuliko wote kuingia NBA alicheza mechi yake ya mwisho akiwa na miaka 26.

Basi hukumu yangu hii hapa: kijana aanze, goti likiwa zima. Goti likilalamika, akae, hata kama uwanja mzima unaimba jina lake. Dakika 5 za mwisho ni za anayejua mitupo huru, awe mkongwe au mtoto.

Na ile niliyokuahidi. Fainali ya 1980, mechi ya 5, Kareem anateguka kifundo. Kifundo tena! Akarudi akichechemea, akafikisha pointi 40, Lakers wakaongoza 3-2. Mechi ya 6 ilikuwa Philadelphia, na Kareem akabaki Los Angeles. Kwenye ndege, mtoto wa miaka 20 wa msimu wa kwanza akaenda kukaa kwenye kiti cha Kareem, kile cha mbele ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa.

Alikuwa Magic Johnson, mgawaji wa mipira, si senta! Tarehe 16 Mei akaingia kati kurukia mpira wa kuanza. Pointi 42, ribaundi 15, pasi za pointi 7, mitupo huru 14 kwa 14. Lakers 123, Philadelphia 107. Mpaka leo hakuna mwingine wa msimu wa kwanza aliyechaguliwa mchezaji bora wa fainali.

Jamaal Wilkes alifunga 37 usiku uleule. Muulize yeyote hapo kijiweni kama anamkumbuka.

Kareem aliitazama mechi yote nyumbani kwenye televisheni. Kifundo kikapona, akarudi kati, akacheza misimu mingine 9.